Pindo la Mbeleko

Nabisha hodi nikiwa nimeinamisha uso, na mkinikaribisha nitakaa hapa hapa karibu na mlango. Habari niliyokuja nayo si ya kukalia kiti cha mbele. Mkiniuliza nchi yenyewe iko wapi, nitasema iko hapo mlipo, chini kidogo, kwenye kimo cha majani. Mkiniuliza wakazi wake ni watu au wanyama, nami nitawauliza: nyinyi aliyewaambia kuwa ni watu ni nani, na siku hiyo alikuwa ameshika daftari?

Maana daftari ndilo lililowafanya wanyama. Kabla yake walikuwa wenyeji, basi. Wafupi, manyoya rangi ya majani makavu, mkia mnene kwa mafuta ya kula siku za njaa, na walijiita Sisi kwa kuwa hapakuwa na wengine. Kisha wakaja Wageni. Hawakuja peke yao. Walikuja na Mbweha, wakamfungulia kwa sababu walipenda kumwona akikimbia. Mbweha alipokwisha kula nusu ya Sisi, Wageni wakashikwa na huruma, wakakaa kitako juu ya mwamba na kufungua daftari, waandike sifa za waliobaki kabla nao hawajaisha. Loo! Mwenye nguvu akikuhurumia, anakufungulia mnyama wake kwanza, halafu ndipo anakuuliza jina lako linaandikwaje. Niwieni radhi. Nimekuja kueleza aibu ya mwingine na nimeanza na hasira zangu.

Daftari liliandika hivi, nami nimelisoma juu ya bega la Mgeni:

“Kiumbe mdogo mwenye mfuko. Mwana huzaliwa akiwa kiasi cha punje ya kunde, kipofu, hana nywele, mikono ya mbele tu ndiyo iliyokamilika. Hupanda mwenyewe juu ya manyoya hadi mfukoni, akiongozwa na harufu. Mama hamsaidii ila kwa kumlambia njia. Mdomo wa mfuko hutazama nyuma, ili mama anapochimba chakula, udongo usimwingie mwana. Ndani ya tumbo hukaa mwana wa pili, wa akiba, amelala hakui. Yule wa mfukoni akipotea, wa akiba huamka. Dume hupenda msimu mmoja, kisha hufa. Siku za njaa mwili huzizima kama jiwe, moyo ukapiga pigo moja mahali pa kumi.”

Yote kweli. Hata hilo la dume. Wanaume wa Sisi hupenda wiki mbili mfululizo bila kula wala kulala, manyoya yakawanyonyoka, kisha wakajilaza chini na kufa, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana katika kisa hiki hamtasikia baba akikohoa. Msicheke, wako wanaume wa huku kwenu ambao hawafi na bado hawasikiki.

Lakini ukurasa haukuishia hapo. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, paliandikwa:

“Jike likifukuzwa na adui, mfuko hulegea, mwana huanguka. Adui hushughulika na mwana. Jike hupona. Je, hufanya kwa kusudi?”

Mgeni aliacha alama ile ya kuuliza akafunga daftari, akaenda kunywa chai. Hakuwa na haraka nayo. Kwake ilikuwa jambo la kuchunguza siku nyingine, mvua ikikatika. Nchi nzima ya Sisi ililichukia swali lile na kulitemea mate, na kila mwanamke aliapa kwamba ni uzushi. Miongoni mwa walioapa, na sauti yake ilikuwa juu kupita zote, alikuwako Kazija. Kazija alikuwa analijua jibu.

*

Sasa nitawaeleza habari ya mbeleko, na nitaeleza mara moja tu. Mfuko ukitazama nyuma una faida, udongo hauingii, lakini una hatari pia, kwa kuwa kilichomo kina njia ya kutoka. Nyama ya mfuko hubana, ndiyo, ila nyama huchoka. Kwa hiyo wanawake wa Sisi hufunga mbeleko: ukanda mpana wa magome yaliyopondwa hadi yakawa laini, unaozunguka tumbo, ukaziba mdomo wa mfuko, ukafungwa kiunoni kwa mafundo mawili. Mawili, si moja. La kwanza ni la mwana, la pili ni la mama. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa wasichana, na hakuna anayeuliza zaidi.

Mbeleko haifuliwi. Inatoka kwa bibi ikaenda kwa mama, ikatoka kwa mama ikaenda kwa binti, na jasho lake na maziwa yake na mikojo ya vitoto vyake vyote. Ukiinusa wewe utakunja pua. Lakini yule punje ya kunde, kipofu, anayetoka katika giza moja kwenda katika giza jingine, hana taa ila hiyo. Hawezi kuongozwa na harufu ya mama yake mwenyewe, maana mama ndiye ardhi anayoikanyaga. Harufu yake iko kila mahali, na kitu kilicho kila mahali hakimwonyeshi mtu njia. Anaongozwa na waliotangulia. Anapanda kuelekea kwao.

Ndipo ikawa desturi kwamba binti akikaribia kuzaa, mama yake huvua mbeleko, humkabidhi mbele ya mkunga na majirani, na kuwataja kwa sauti wote iliowabeba. Desturi hiyo huitwa Kutaja. Jina likiachwa, wanasema, njia inapinda.

Mbeleko ya Kazija ilikuwa imefuliwa. Ilikuwa imefuliwa kwa majivu, mtoni, mara tatu, na pindo lake moja halikuwapo. Watu wa ng'ambo ya mto walipompokea, katika mwaka wanaouita Mwaka wa Mbio, aliwaambia miiba ilichana pindo hilo njiani. Harufu je? Mto, aliwaambia, nilivuka kwa kuogelea. Ulikuwa umebeba mtoto, dada? Hapana, aliwaambia. Nilikuwa bado.

Wakamwamini, kwa kuwa mwaka ule kila mtu alikuwa na jambo ambalo hakupenda kuulizwa. Baada ya siku chache akazaa binti, akamwita Mize, na wote wakamhesabu Mize kuwa mzaliwa wa kwanza. Mize akakua akijiita hivyo. Akawa anatangulia kula, kama watanguliavyo wazaliwa wa kwanza. Kila alipotangulia, mama yake alikuwa anatazama chini.

*

Asubuhi ya siku ninayowaambia kulikuwa na ukungu, na Mize alikuwa amekaa kitako kwenye kiota cha nyasi chini ya gogo, mgongo ukutani, mkia mbele katikati ya miguu, namna wanavyokaa wanawake wa Sisi siku ya kuzaa. Alikuwa mwembamba. Mumewe alikuwa amekufa kabla mwezi haujaandama, na Mize hakuwa amemlilia sana. Alikuwa amemlilia kiasi. Mkunga alikuwa Bi Tuma, mwanamke mzee aliyebaki na jicho moja na pua isiyokosea. Majirani walikuwa wawili. Na mama mtu, Kazija, aliyesimama karibu na mlango kama nilivyokaa mimi.

“Jiachie, mwanangu,” Bi Tuma alimwambia Mize, akimfunua. “Mficha uchi hazai.”

Ni msemo wa kila siku. Wakunga huusema kama vile wauza samaki wanavyosema karibu. Lakini Kazija aliusikia shingoni, mahali alipovaa hirizi yake. Hirizi yenyewe ilikuwa kokwa tupu la tunda, limezibwa nta, limetungwa uzi. Alisema ni kinga ya Mbweha. Hakuna aliyewahi kuigusa, kwa sababu hirizi ya mtu haiguswi, na ikifunguliwa huharibika.

“Lete mbeleko, Kazija.”

Akavua, akatoa. Bi Tuma akaipeleka puani. Akaitoa. Akairudisha.

“Hii inanuka Mize peke yake,” alisema.

“Imezeeka, Bi Tuma.”

“Watu ndio huzeeka. Mbeleko huzidi.” Akamtazama kwa jicho lile moja. “Haya, taja.”

Kazija akataja. Imembeba bibi yangu. Imembeba mama yangu. Imenibeba mimi. Imembeba Mize. Alitaja polepole, kwa sauti nzuri, na kati ya mimi na Mize alivuta pumzi. Pumzi moja tu. Majirani hawakuisikia. Mimi niliisikia, kwa sababu pumzi hiyo ina urefu wa jina.

“Ndiyo basi?”

“Ndiyo basi, Bi Tuma.”

Mwongo! Nisameheni. Lakini nani kati yenu hajawahi kusema ndiyo basi?

*

(Ndani ya Kazija, wakati huo huo, bila kupangwa:)

Atafika. Wangapi wamefika bila harufu. Mize alifika. Lakini Mize ulimwekea. Nyamaza. Ulimwekea pindo pale mlangoni mwa mfuko, ulikuwa peke yako, hapakuwa na pua ya mtu. Nyamaza wewe. Fungua kokwa, weka, basi. Na Bi Tuma? Pua ile? Atanusa na atasema huyu ni nani. Wataniuliza huyu ni nani. Mize ataniuliza. Nizizime. Kama ningeweza kuzizima sasa hivi, niwe jiwe, moyo upige mara moja, wanisubiri hadi wachoke. Siku nyingi nimefanya hivyo, nikiwa sina njaa. Wao hudhani ni njaa.

*

Bi Tuma alilaza mbeleko kwenye mdomo wa mfuko wa Mize, na mtoto akatoka jua lilipogusa gogo. Hapakuwa na kilio, wala wa Sisi hawalii wakizaliwa, hawana cha kulilia bado. Alikuwa punje ya kunde nyekundu, imelowa, na mikono miwili. Akashika unywele wa kwanza. Akavuta. Akashika wa pili. Majirani wakaacha hata kupumua. Mize akaanza kulamba manyoya ya tumbo lake, kutoka chini kwenda kwenye mdomo wa mfuko, njia nyembamba, imelala vizuri.

Hapa sharti mjue sheria mbili, maana bila ya hizo hamtaelewa kwa nini watu wazima wanne walikaa wakitazama. Ya kwanza: hagusiki. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya kitunguu, na kidole chochote kitamchuna. Ya pili: ana muda wa unyevu wake tu. Umajimaji aliokuja nao ukimkaukia kabla hajafika, anabaki palepale kwenye manyoya, na upepo unamchukua.

Punje ile ilipanda hadi nusu ya njia. Ikasimama. Ikageuza kichwa kushoto, kulia. Kisha ikaiacha njia iliyolambwa, ikaelekea nyongani.

“Mlambie tena,” Bi Tuma alisema.

“Namlambia, bibi.” Mize alikuwa analia bila kuacha kulamba. “Hageuki.”

“Mlambie.”

Ikaenda nyongani, ikasimama, ikarudi kidogo, ikaenda. Kila mahali palikuwa na harufu ya Mize. Dunia nzima ilikuwa mama na hakuna mlango. Na Kazija alikuwa ameshika kokwa lake kwa mkono wa kulia, kidole gumba juu ya nta, na hakubonyeza.

Sasa ndipo asubuhi ikateleza. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Katika nchi ile saa hazijapangwa mstari. Zimelala moja juu ya nyingine, na ukisimama sana mahali pamoja unazama. Kazija alizama. Akawa amesimama kiotani na anakimbia.

*

Anakimbia. Ni ukungu uleule. Mbweha yuko nyuma, hatua zake hazina haraka, na hilo ndilo la kutisha. Mbele kuna mto. Mfukoni yumo Makame.

Makame si punje. Makame amekwisha ota manyoya, macho amefumbua, ana wiki nzima anachungulia nje na kutaka kujua kila kitu ni nini. Ana tabia ya kunyonya pindo la mbeleko akilala. Ni mzito. Mama anayekimbia na Makame hafiki mtoni. Anayekimbia bila Makame atafika. Hesabu hiyo haikuhitaji elimu.

Nyama ya mfuko ilianza kulegea yenyewe. Hilo ni kweli, na ningependa mlijue, kwa sababu Kazija mwenyewe amelishikilia miaka yote kama mtu anayeshikilia unyasi katikati ya mto. Nyama ilichoka, ikalegea. Lakini mbeleko ilikuwa imefungwa.

Mkono wa kulia ukaenda kiunoni. Ukafungua fundo la kwanza.

Fundo la kwanza mtu anaweza kusema mkono uliteleza. Ilikuwa mbio, kulikuwa na woga, vidole havikujua vinachofanya. Ningekuwa hakimu ningemsamehe hapo, na huenda ningelia naye. Lakini mafundo yalikuwa mawili. La pili lilikuwa gumu, lilikuwa limekazwa na umande, na Kazija alilivuta mara tatu akiwa anakimbia, akalitia meno.

Makame akaanguka. Hakulia. Akasimama katika nyasi kwa miguu ambayo haijawahi kukanyaga chini, akamgeukia Mbweha, akafoka kwa sauti ya kukwaruza, kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa anamtetea mama yake. Hatua za Mbweha zikasimama. Na Kazija, ambaye tayari alikuwa mbali, ambaye tayari maji yalikuwa yanamgusa miguu, aliisikia sauti ile akafurahi kwamba ni kubwa.

Alifurahi. Hilo ndilo lililomo ndani ya kokwa. Pindo ni ushahidi tu.

Siku ile alifua mbeleko kwa majivu ya moto wa watu waliokwisha kukimbia. Alipofika kwenye pindo la Makame, lile la kunyonywa, mkono ulikataa. Akachukua jiwe kali la mtoni akalikata, akalitia katika kokwa, akaziba. Kwa nini hakulitupa? Msiniulize mimi. Siku ya tatu wa akiba akaamka tumboni, akasogea, maana nafasi ilikuwa imepatikana. Huyo ndiye Mize. Kila pumzi ya Mize inavutwa mahali pa mwingine, na mama yake amempenda hivyo hivyo, kwa mapenzi makubwa yenye uso chini.

*

“Mama!”

Ilikuwa sauti ya Mize, si ya Makame. Kazija akarudi kiotani. Punje ilikuwa imefika kwenye paja, na uwekundu wake ulikuwa umeanza kufifia.

Jirani mmoja alikuwa ameziba macho. Bi Tuma alikuwa amepiga magoti, pua imekaribia manyoya, anaita kwa pumzi, namna wakunga wanavyofanya wanapokuwa hawana tena la kufanya.

“Mama, mimi nilipataje njia?” Mize aliuliza. “Wewe ulikuwa peke yako. Mbeleko ilikuwa hii hii. Uliniambia ilipita mtoni. Mimi nilifikaje? Ulinifanyaje, mama?”

Hakuuliza kwa kushuku. Masikini, aliuliza kama vile binti anavyouliza mama yake namna ya kuchanganya unga. Alitaka tu kujua afanye nini, na aliyejua alikuwa amesimama pale.

Na Kazija bado akasita. Nawaambieni ukweli, hata kama mtamchukia, hata kama mtanichukia mimi niliyewaletea. Alijua, na akasita kwa muda wa pigo moja la moyo uliozizima. Ulikuwa mkono ule ule wa kulia. Siku ile ulifungua palipotakiwa pafungwe. Leo ulifunga panapotakiwa pafunguliwe. Mbweha hakuwapo. Wageni walikuwa juu mwambani na chai yao. Hapakuwa na anayemfukuza ila macho ya wanawake watatu na binti yake, na alikuwa tayari kumwangusha mwingine kwa ajili ya hayo.

Alipojiona hivyo ndipo akaona haya ya kweli. Ile ya zamani ilikuwa woga uliovaa nguo za haya.

Akalitia kokwa menoni, meno yale yale, akalivunja.

Harufu ikatoka. Haikuwa kubwa, lakini kiota ni kidogo na pua zao mnazijua. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyokaukia kwenye kitambaa, na manyoya machanga, na kitu kingine ambacho kila mwanamke pale alikijua: ya mtoto aliyekaa mfukoni hadi akafumbua macho. Majirani wakainua vichwa kwa pamoja. Aliyeziba macho akafumbua.

Kazija akapita katikati yao, akalaza pindo kwenye mdomo wa mfuko wa binti yake, akarudi nyuma.

Punje ikasimama. Ikageuka. Ilikuwa imeelekea gotini, ikageuka yote, kichwa na mikono, kama mtu aliyeitwa jina. Ikaanza kupanda. Unywele mmoja, unywele mwingine. Mara mbili ilikwama, mara mbili ikajivuta. Ikafika kwenye pindo, ikalipanda, ikalala juu yake kidogo kana kwamba inasalimiana, kisha ikaingia. Mize alihisi kitu kidogo kikishika chuchu, akaachia sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Bi Tuma aliinama, akalichukua pindo kwa ncha za vidole. Akalinusa kwa muda mrefu. Kisha akaligeuza, akatazama ukingo wake, ulionyooka kama ukuta.

“Miiba haikati hivi,” alisema.

“Nilikata mimi. Kwa jiwe.”

“Na mafundo?”

Kazija alitamani kuzizima. Moyo wake, hayawani yule, ukakataa. Ulikuwa unapiga mapigo yote, kumi mahali pa kumi.

“Niliyafungua,” alisema. “Yote mawili. La pili nililitia meno.”

Jirani mmoja akavuta miguu yake, asimguse. Yule mwingine akashika mfuko wake. Tazameni tu niwaambie nilichoona: mkono wa Bi Tuma, yule mzee mwenye jicho moja, ulikwenda kiunoni kwake ukapapasa mafundo ya mbeleko yake mwenyewe, ukakaa hapo. Yeye pia alikuwako Mwaka wa Mbio. Mimi sikuuliza, nanyi msiulize.

“La kuvunda halina ubani,” Bi Tuma alisema mwishowe, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani. “Taja, Kazija. Taja sawasawa.”

“Imembeba bibi yangu. Imembeba mama yangu. Imenibeba mimi.” Safari hii hakuvuta pumzi. “Imembeba Makame. Alikuwa amefumbua macho. Aliniona nikienda.” Sauti ikakatika, akaiokota. “Imembeba Mize.”

Mize alikuwa anamtazama. Alimtazama kama unavyoitazama nyumba uliyokulia baada ya kuambiwa kwamba chini ya sakafu yake pamezikwa mtu. Hakusema “mama.” Alijifunga mbeleko mwenyewe, akatia pindo ndani, upande wa mwana. Akafunga fundo la kwanza. Akafunga la pili. Akafikiri. Akafunga la tatu, ambalo halina jina katika desturi za Sisi.

Juu mwambani, Mgeni alikuwa ameteremsha darubini yake. Akaandika: “Mwana alipotea njia, kisha akafika. Sababu haijulikani.” Akarudi kurasa kadhaa nyuma, akalikuta lile swali lake la zamani, akalipitia, akaliacha kama lilivyo. Nilikuwa nyuma ya bega lake na jibu mdomoni. Sikumpa. Si lake.

*

Imebaki desturi moja. Mama mpya akitoka kiotani mara ya kwanza, mama yake mzazi hutembea nyuma yake hadi kwenye maji, macho kwenye mafundo, ili likilegea aseme. Hiyo ndiyo heshima ya kuwa bibi. Wanawake wa Sisi huisubiri maisha yao yote, na njia nzima watu husimama pembeni wakatazama bibi anavyopita.

Ukungu ulikuwa umekwisha. Watu walikuwa wamesimama pembeni, wameshapata habari. Habari katika nyasi hazihitaji miguu. Mize akatoka. Kazija, kwa mazoea tu, kwa kuwa mwili hujipangia mahali pake, akaenda kusimama nyuma yake.

“Usikae hapo,” Mize alisema bila kugeuka.

“Naam, mwanangu?”

“Nyuma yangu usikae. Tangulia mbele.” Akashika mafundo yake. “Nataka niione mikono yako.”

Kazija akapita. Alipita karibu sana hata manyoya yao yakagusana, na hakuthubutu kugeuza uso. Akatangulia. Mbele yake ilikuwepo njia, na watu pande mbili, na mwisho wa njia ulikuwapo mto ule ule. Alisikia hatua za binti yake zikimfuata, na zilikuwa hazina haraka.

Kisha akasikia sauti. Mize alikuwa ameinamisha kichwa tumboni anasema na aliyemo, pole pole, kama mtu anayefundisha: “Imembeba mama wa bibi wa mama yako. Imembeba bibi wa mama yako. Imembeba bibi yako, yule pale mbele. Imembeba Makame. Makame ndiye wa kwanza. Imenibeba mimi.”

Kazija hakusimama. Aliweka mikono yote miwili mgongoni, viganja wazi, mahali inapoonekana, akaendelea kutembea.